UZI: Jina limeshasahihishwa kwenye indeksi ya sensa ya Marekani ya 1900, mbona utafutaji bado unaleta jina bovu?

#1 Kipande_Cha_Ukoo
Wakuu, salamu. Kaya iko Georgia, sensa ya 1900. Karatasi inasomeka Burrell, indeksi, yaani orodha ya kutafutia iliyonukuliwa toka karatasi hiyo, imeandika Bunell. Marekebisho yametumwa na yamepokelewa: ukifungua rekodi yenyewe unaona Burrell. Ukirudi kwenye kisanduku cha kutafuta ukaandika Burrell, Georgia, 1900, hola. Andika Bunell, hao hapo, baba, mama na watoto sita. Kwenye mtandao wa pili wa nasaba bado ni Bunell kama vile hakuna aliyegusa kitu. Kuna hatua imerukwa au ndivyo mitambo ilivyo?

#2 Sina_Haraka
Nimewahi siti ya mbele. Waje wajuvi.

#3 Mnukuzi
Mkuu, rekodi na utafutaji ni maghala mawili. Ukihariri, unabadilisha ghala la kwanza papo hapo. Ghala la utafutaji hujengwa upya kwa ratiba yake, si kila mtu anapobofya. Kwa hiyo unaweza kukuta jina jipya kwenye ukurasa wa rekodi na la zamani kwenye matokeo ya utafutaji. Subiri, halafu jaribu tena ukiwa umetoka kwenye akaunti, maana kivinjari nacho hutunza matokeo ya zamani.

Kuhusu mtandao wa pili: kila kampuni ina indeksi yake. Picha zinatoka filamu zilezile za Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani (National Archives), lakini unukuzi ni wa kila mmoja, au umenunuliwa, au umebadilishana mikono miaka mingi iliyopita. Rekebisho la FamilySearch haliendi Ancestry, la Ancestry haliendi MyHeritage. Ni kazi tatu tofauti.

#4 Karani_Mstaafu
Naongezea kwa Mnukuzi. Swali la kumuuliza mtoa mada: umesahihisha watu wangapi? Maana hapo ndipo wengi wanapokwama.

Kwenye karatasi ya 1900 jina la ukoo huandikwa mara moja tu, kwa mkuu wa kaya. Mke na watoto wanapewa mstari mrefu, au "do" (kifupi cha ditto, yaani hilohilo), au nafasi tupu. Mnukuzi ndiye aliyeshusha Bunell kwa wote wanane. Ukimsahihisha baba, mara nyingi umemsahihisha baba peke yake. Mke ni rekodi nyingine, kila mtoto ni rekodi nyingine. Ukitafuta kwa jina la mtoto, bado ni Bunell.

Halafu kuna ndugu yake kosa hili: mama mkwe au mpangaji anayekaa chini ya kaya, ambaye karani wa sensa alisahau kumwandikia jina lake la ukoo. Naye anavishwa Bunell. Angalia safu ya 4, ya uhusiano na mkuu wa kaya. Ukiona mama mkwe ana jina la ukoo la mkwe wake wa kiume, shtuka.

#5 Kijana_wa_Nakuru
Kwani hizi tovuti hazina Soundex? Mfumo ulibuniwa kwa kazi hii hii, majina yanayotamkwa karibu sawa yanaangukia msimbo mmoja. Tafuta kwa Soundex uache kubishana na indeksi.

#6 Mnukuzi
@Kijana_wa_Nakuru hapa haikusaidii, hesabu mwenyewe. Burrell: B inabaki, vokali zinaondoka, r mbili zinazofuatana zinahesabika moja, nayo ni 6, l mbili ni 4, unajaza 0. B640. Bunell: B, n ni 5, l ni 4, 0. B540. Misimbo miwili tofauti, kabati mbili tofauti.

Soundex inatibu makosa ya sikio. Hili ni kosa la jicho: rr ya mwandiko wa kuunganisha ikikaa vibaya inakuwa n. Dawa ya kosa la jicho ni alama za badala. Andika Bu*ell, utapata Burrell, Bunell, Bunnell, Bussell, hata Buell. Nyota ni herufi zozote idadi yoyote hata sifuri, alama ya kuuliza ni herufi moja tu. Ancestry inataka herufi halisi zisizopungua tatu, kwa hiyo B*l itakataliwa.

#7 Kijana_wa_Nakuru
B540. Sawa mwalimu, nimekaa chini.

#8 Tarafa
Ngoja niwe mchawi wa uzi. Nani amesema karatasi inasomeka Burrell? Mtoa mada anajua jibu kabla ya kusoma, kwa hiyo jicho linaona linachotaka. Mnukuzi wa kwanza hakuujua huo ukoo, akaandika alichoona. Pengine karani wa 1900 aliandika Bunell kweli. Kama ni hivyo indeksi iko sahihi na nyie ndio mnaiharibu.

#9 Kipande_Cha_Ukoo
@Tarafa hoja nzuri, sasa unathibitishaje? Ukurasa ni hafifu.

#10 Karani_Mstaafu
Karani wa sensa alikuachia alfabeti yake ukurasa mzima, itumie. Kila uso wa karatasi ya 1900 una mistari 50.

Herufi kubwa: shuka na safu ya 4. Head inakupa H yake, Wife W, Son S, Daughter D, Boarder B, Lodger L. Halafu nenda safu ya 7, ambayo 1900 iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Hapo kuna January, June na July za J, February F, August A, October O, March M. Umebisha kama jina linaanza na L au S? Linganisha na Lodger na Son wa mkono huohuo. Mabishano ya I na J, T na F, mengi yanaishia hapo.

Herufi ndogo: kwa rr tafuta Harry, Harris, Carrie kwenye ukurasa huo. Tazama r ya pili inavyoingia kwenye herufi inayofuata. Kama Harry wake anaonekana Hany, basi Bunell wako ni Burrell. Kama r zake zina mabega mawili wazi na huyu hana, Tarafa kashinda.

Ukurasa ukiwa hafifu, fungua picha ya karatasi hiyohiyo kwenye mtandao mwingine. Karatasi za 1900 zilishaharibiwa baada ya kupigwa filamu, hakuna nakala ya rangi ya kwenda kuiangalia, lakini skani zinatofautiana. Mmoja kaifanya nyeusi mno, mwingine kaacha kijivu chake. Geuza rangi nyeusi iwe nyeupe kwenye kisomeo cha picha, wino uliofifia hujitokeza.

#11 Sina_Haraka
Hii ya safu ya 4 na ya 7 ndiyo imenilipa bando langu.

#12 Binti_Malindi_Unguja
Assalaam aleikum. @Tarafa kauliza la msingi lakini kaishia njiani. Kuna makosa ya namna mbili na fomu nyingi za kurekebisha zinakutaka uyatenganishe: mnukuzi kakosea kusoma, au karatasi yenyewe imekosea. FamilySearch inakuuliza sababu, Ancestry nayo inakupa orodha: kosa la unukuzi, kosa lililomo kwenye picha, au jina jengine la mtu huyo, mathalan jina la kabla ya ndoa. Ukichagua sababu isiyo, anayekuja nyuma yako akilinganisha na picha atakuona wewe ndiye muongo.

Na matokeo yake si mamoja. Ancestry haifuti cha zamani. Jina lako linawekwa pembeni ya la awali, na utafutaji unapaswa kuyajua yote mawili. FamilySearch inaonesha lililohaririwa na kulihifadhi la awali kwenye historia. Findmypast unaripoti kosa, wao wanaliangalia, wakikubali wanabadilisha unukuzi wenyewe. Kwa hiyo kwa Findmypast ukiripoti kuwa "bibi huyu jina lake khasa lilikuwa jengine" na picha haisemi hivyo, usitarajie kitu.

#13 Tarafa
Hapo Binti umenena. Msimamo wangu: indeksi ni ya karatasi. Ukweli wa ukoo weka kwenye mti wako wa ukoo, weka kwenye maelezo ya chanzo. Ukianza kuandika ukweli ndani ya indeksi, kesho mtu wa ukoo mwingine naye anakuja na ukweli wake.

#14 Mwana_wa_Tombaku
Tarafa unaongea kama mtu ambaye watu wake wote waliandikwa vizuri. Watu weusi wengi wa Marekani wanaanza kuonekana kwa majina yao 1870. Kabla ya hapo, 1850 na 1860, waliokuwa utumwani waliandikwa kwenye jedwali la peke yake: jina la mmiliki, halafu umri, jinsia, rangi. Jina hakuna. Indeksi ya jedwali hilo unaitafuta kwa jina la bwana. Halafu 1870 karani anafika shambani anaandika jina analosikia, wakati mwingine kwa kumuuliza jirani. Mtu huyo 1880 anatokea na jina lingine la ukoo alilochagua mwenyewe. Sasa wewe unasema jina alilojichagulia lisiwekwe pembeni ya la karani? Jina mbadala ndiyo daraja pekee linalomfikisha mjukuu kwenye ukurasa.

#15 Tarafa
Sijasema lisiwekwe popote. Nasema liwekwe na lebo yake. Kwenye jina mbadala lenye sababu, sawa. Kufuta jina la karani na kuandika lingine kana kwamba ndilo lililoko kwenye karatasi, hapana.

#16 Mwana_wa_Tombaku
Tuko mbali kidogo tu basi. Ila kwenye jedwali za 1850 na 1860 msiongeze majina kwa kukisia umri. "Mwanamume, 24, mweusi" wako wengi kwenye kaunti moja. Kuna watu wanabandika jina hapo, wa pili ananakili, na baada ya muda linageuka ushahidi.

#17 Karani_Mstaafu
Kuna maelezo mengine hamjayagusa. Kwa 1850, 1860 na 1870, picha mnayoitazama mara nyingi si karatasi iliyoandikwa mlangoni. Zilitengenezwa seti tatu: moja ikabaki kaunti, moja jimboni, moja Washington. Filamu tulizonazo kwa jumla ni za seti ya Washington, na hiyo ni nakala ya kuandikwa kwa mkono. Aliyenakili usiku kwa taa akaruka mstari, akashusha umri wa mtoto mmoja kwa mwenzake. Mnukuzi wa leo hana kosa. Nakala ya kaunti au ya jimbo ikiwa imesalia, ilinganishe kabla hujabofya chochote.

#18 Kijana_wa_Nakuru
Swali la pembeni. Kuna rekodi inasema mtu kazaliwa Georgia na ramani inapeleka pini karibu na Urusi. Ni indeksi hiyohiyo?

#19 Mnukuzi
Hiyo ni mashine ya kusawazisha majina ya mahali. Kuna sehemu mbili: mahali kama palivyoandikwa na mahali palivyotafsiriwa na kompyuta kuwa na jina rasmi. Kompyuta ikiona Georgia bila Marekani inaweza kuchukua nchi ya Georgia. Ind. ya Indiana inasomwa India. Tena kabla hujailaumu kompyuta angalia mwandiko: Ga, Pa na Va (Georgia, Pennsylvania na Virginia) zinachanganywa kila siku, ni kitanzi kimoja tu cha herufi ya kwanza.

Ukirekebisha, hakikisha unabadilisha sehemu iliyokosewa. Kama maandishi ya awali ni sahihi na pini ndiyo imepotea, usiguse maandishi, ripoti mahali. Na kama kaunti nzima imehamishwa, kurekebisha mtu mmoja ni kuchota bahari kwa kijiko. Tuma ripoti inayotaja mkusanyiko, kaunti, namba ya wilaya ya kuhesabia, yaani E.D. iliyo juu ya karatasi, na namba za picha kuanzia hadi.

#20 Binti_Malindi_Unguja
Upande wa Uingereza pana mitego yake. 1841 makarani waliambiwa umri wa waliozidi 15 uteremshwe hadi mafungu ya matano: mtu wa 34 anaandikwa 30. Wengine walifuata, wengine hawakufuata. Mtu anakuja anaona 30, anajua babu alikuwa na 34, anasahihisha. Hapana kosa hapo. Vitabu vya makarani vilivyofuata vina mistari ya penseli juu ya umri, ni makarani wa ofisini London waliokuwa wakihesabu. Mstari ukipita juu ya 1 unaipata 4 au 7. Ukiona mtoto wa miaka 41 kwenye kaya ya mama wa miaka 38, tazama penseli kwanza.

Na kwa sie wa pwani: tangu 1861 mabaharia wa meli za kivita za Uingereza zilizokuwa nje walihesabiwa, kwa hiyo watu wetu waliopandishwa kazi melini, wakiitwa Seedies, wamo. Wengine wameandikwa majina ya kupachikwa ya Kizungu, wengine Mabruki au Feruzi kwa tahajia ya anayesikia. Usitafute kwa jina. Tafuta kwa mahali pa kuzaliwa Zanzibar, kisha jaribu Zanz*, kisha jina la meli. Ukimpata, lile la kupachikwa liache, la pili liweke mbadala.

#21 Sina_Haraka
Na sensa zetu je? Ya 1948, 1957, 1967?

#22 Karani_Mstaafu
Huku hakuna cha kusahihisha. Takwimu zimechapishwa, taarifa za mtu mmojammoja ni siri kisheria. Marekani inafungua baada ya miaka 72, Uingereza na Wales 100. Ndiyo maana ya 1950 ilitoka Aprili 2022 na ya 1960 ni 2032.

#23 Tarafa
Na Waingereza baada ya ile ya 1921 wasubiri sana: ya 1931 iliungua 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Wamarekani nao ya 1890 iliharibiwa na moto wa Januari 1921, mabaki yake mengi yakateketezwa miaka iliyofuata, yakasalia majina elfu sita na ushee. Hizo hazina makosa ya indeksi, hongera zao.

#24 Kijana_wa_Nakuru
😂😂 Tarafa wewe.
Hiyo ya 1950 si ilisomwa na mashine? Ina makosa zaidi au machache?

#25 Mnukuzi
Ni makosa ya aina nyingine. Mnukuzi binadamu akichoka anaruka mstari. Mashine hairuki, ila inasoma hata kisichosomwa: "Vacant" ya nyumba tupu kwenye safu ya jina inaweza kugeuzwa mtu. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ilitoa utafutaji wake uliosomwa na mashine na ikawaruhusu watu kuongeza majina sahihi palepale. Ancestry walitumia mashine yao, kisha watu wa kujitolea wa FamilySearch wakapitia.

Jambo la kujua kwa 1950: karatasi ina mistari 30, na waliokosekana nyumbani waliandikwa mwishoni mwa E.D., kuanzia karatasi ya 71. Ukiona kaya haipo mtaani kwake, usiripoti kwamba imerukwa kabla hujafika 71. Kwa 1940 ni kuanzia 61, na 81 kwa waliolala hotelini na kwingine kwa muda.

Huna jina kabisa? Tafuta anwani, igeuze kuwa E.D. kwa zana za Stephen Morse, halafu pitia picha mojamoja. Ndiye yule aliyebuni prosesa ya 8086 ya Intel, uzeeni akaamua kututengenezea njia ya kuzikwepa indeksi.

#26 Kipande_Cha_Ukoo
Nimerudi. Nimefuata #10: Harry wa mstari wa 31 anasomeka kabisa Hany, na Carrie wake ni Canie. Kwa hiyo rr za karani huyu zinaonekana n. Nimesahihisha wote wanane. Lakini 1910 kaya ileile, karani mwingine, mwandiko safi kabisa: Bunnell.

#27 Tarafa
Nilisema.

#28 Mwana_wa_Tombaku
Hujasema kitu. Karani wa 1910 aliandika alichosikia. Rekodi ya ardhi, ndoa na kaburi zinasemaje?

#29 Karani_Mstaafu
Au ya 1880, ndiyo ya kwanza kutaja uhusiano na mkuu wa kaya. Kama baba alikuwa kijana kwa wazazi wake mtapata jina la babu kwa mkono wa tatu. Kwa sasa 1910 usiiguse, imesomwa sawasawa na karatasi. Weka Burrell mbadala tu.

#30 Kipande_Cha_Ukoo
Asanteni. La mwisho: mtoto wa saba anaonekana kwenye picha, safu ya 12 ya mama inasema watoto hai 7, lakini kwenye indeksi wako sita. Hana rekodi ya kubofya.

#31 Mnukuzi
Kaya imekatika kati ya nyuso mbili za karatasi?

#32 Kipande_Cha_Ukoo
Ndiyo! Baba yuko 14A mstari wa 43, wa saba yuko 14B mstari wa 1.

#33 Mnukuzi
Basi huenda hakurukwa. Wanukuzi hufanya kazi picha kwa picha, na aliyepewa 14B hakuiona 14A. Mtoto akawa kaya ya peke yake isiyo na mkuu, jina la ukoo tupu au la mtu wa mstari wa 2. Tafuta jina lake la kwanza, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, kaunti, bila jina la ukoo kabisa. Ukimpata sahihisha jina. Kumrudisha kwenye kaya ya baba kwa fomu ya kawaida usitegemee.

Usipompata, yaani mstari umerukwa kweli, fomu nyingi hazina pa kumwingiza. Chukua anwani ya picha ya 14B, ifanye chanzo kwenye mti, andika: jimbo, kaunti, E.D., karatasi 14B, mstari 1, "hayumo kwenye indeksi". Na ukumbuke vyanzo ulivyobandika kwenye mti kabla ya marekebisho vichwa vyake havibadiliki vyenyewe, bado vinasema Bunell. Vihariri kimoja kimoja.

#34 Kijana_wa_Nakuru
Na kama mstari wa 2 ni jirani mwenye mtoto wa jina hilohilo?

#35 Karani_Mstaafu
Namba ya familia, safu yenye namba 2. Inaandikwa kwa mkuu wa kaya tu. Mstari wa 1 ukiwa hauna namba na wa 2 unayo, wa kwanza ni wa ukurasa uliopita.